Mheshimiwa Mlango

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa mlango. Nikisema hivyo, asiyemjua hudhani namkejeli, lakini hata yeye mwenyewe ukimuuliza kazi yake alijibu hivyo hivyo, "Mimi ni wa mlango," kisha akanyamaza ili uulize mlango gani. Na ole wako usiulize. Angekaa pale, amenyoosha shingo, anakusubiri. Ukishauliza tu, siku yako imekwenda, maana mlango wenyewe ulikuwa wa Bunge, na habari za Bunge kwa Baba mdogo hazikuwa na mwisho.

Mtaani walimwita Mheshimiwa Mlango. Nadhani muuza mkaa ndiye aliyeanza, kwa utani, lakini Baba mdogo aliupokea utani ule kwa mikono miwili akaufanya cheo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti jeusi lenye vifungo vya shaba, na glavu nyeupe ambazo alizifua mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na sabuni. Akiingia kwa watu, hata kumjulia hali mgonjwa, hakukaa mbali na mlango. Msibani angewekewa kiti pamoja na wazee wenzake, ukigeuka kidogo unamkuta amesimama langoni, mikono nyuma, anawaonyesha waombolezaji upande wa kukaa. Nao walikaa alikowaonyesha. Jamani, mtu mwenye uhakika namna ile nani atamuuliza?

Kazi yenyewe aliipata kwa ajili ya bawaba. Babu alikuwa seremala, baba yangu akawa seremala, na Baba mdogo naye alikuwa njiani kuwa seremala, tena mbovu, wa kupinda misumari. Siku moja akatumwa Bungeni kurekebisha bawaba ya mlango wa ukumbi. Akaung'oa mlango, bawaba ikamkatalia, na akiwa bado anahangaika nayo mara kengele ya kura ikalia. Kura haipigwi mlango ukiwa wazi. Karani wa Bunge akamwambia, "Wewe kijana, ushikilie huo mlango hapo hapo, asipite mtu." Akaushikilia kwa mgongo mpaka kura ikaisha, na inasemekana mbunge mmoja mnene alisukuma kutoka nje mpaka akakata tamaa. Haukupita muda wakamwajiri. Baba alikuwa akisema kwamba mdogo wake ndiye mtu pekee nchini aliyepata kazi ya serikali kwa kushindwa kazi.

Lazima niwaeleze jengo lenyewe, la sivyo hamtaelewa kilichotupata sisi baadaye. Bunge letu lina mabaraza mawili, Baraza la Chini na Baraza la Juu, na kichekesho cha kwanza ni kwamba Baraza la Chini liko ghorofani na la Juu liko chini. Eti walipojenga, ukumbi mkubwa ulitokea ghorofani, na Baraza la Chini ndilo lenye watu wengi, basi likapandishwa huko. Wageni wanapotea kila siku. Baba mdogo aliwaonea huruma na papo hapo aliwadharau.

Alianzia ghorofani, kwenye Baraza la Chini. Wale huchaguliwa na majimbo, na majimbo hukatwa kwa kufuata wingi wa watu, kwa hiyo penye watu wengi hutoka wabunge wengi. Hukaa kwenye mabenchi yanayotazamana, upande wa serikali kulia kwa Spika na upinzani kushoto, wanakodoleana macho kama majirani waliogombania uzio. Kila chama kina kiranja wake, na kengele ya kura ikilia kazi ya kiranja ni kukimbia korido na mkahawani kuwazoa watu wake kabla mlango haujafungwa. Baba mdogo aliwapenda viranja kuliko waheshimiwa wote, kwa sababu ndio pekee waliouogopa mlango. Kelele za ukumbi ule zilikuwa si za kawaida. Akitoka huko akapita kwetu, nyumba ya watoto wanane, alikuwa akivuta pumzi sebuleni na kusema, "Kwenu kumetulia."

Baadaye wakamshusha, yaani wakampandisha cheo, akaenda kulinda mlango wa Baraza la Juu. Hapo ni habari nyingine kabisa. Kila mkoa hupeleka ujumbe wake, na kila ujumbe una kura moja tu, mkoa uwe wa viwanda na majiji au uwe wa mchanga na mbuzi. Wanakaa nusu duara, kila mtu na meza yake na glasi yake ya maji. Anasema mmoja, wengine wanasikiliza au wanasinzia, na Baba mdogo alikiri kwamba wa kusinzia hawakuwa haba. "Kule kazi yangu ilikuwa kuwatenganisha," alisema, "huku kazi yangu ni kuwaamsha." Tena hawaondoki wote kwa mpigo. Uchaguzi ukija, Baraza la Chini huvunjwa lote, lakini la Juu hubadilisha baadhi tu, ili asikosekane mtu anayekumbuka vyoo viko upande gani.

Na sheria haiwi sheria mpaka mabaraza yote mawili yakubali. Muswada ukipita ghorofani unashuka ngazi, ukikataliwa chini unapanda tena, wanaurekebisha, unashuka tena. Wakishindwana kabisa huundwa kamati ya watu wa pande zote mbili, wanafungiwa chumbani mpaka waelewane. Baba mdogo aliziheshimu zile ngazi kama watu wengine wanavyoheshimu barabara ya lami. Sisi watoto tulimsikiliza kwa adabu na kumsengenya kwa moyo wote. Kaka yangu mkubwa alijua kumwigiza, anasimama kwenye mlango wa jiko ametumbua macho, anamkatalia Mama kupita na sufuria. Mama alimpiga mwiko, lakini alicheka.

Sasa, walikuwa ndugu watatu. Baba ndiye mkubwa, Baba mdogo ndiye wa mwisho, na katikati yao alikuwa Shangazi, fundi cherehani. Shangazi hakuolewa wala hakuzaa. Alizaliwa kwenye nyumba ya Babu na hakuwahi kulala kwingine. Alimuuguza Babu mle ndani, akamuuguza Bibi, na walipoondoka wote akabaki na cherehani yake varandani, anawashonea nusu ya mtaa. Sare zetu za shule sote alizishona yeye, na alitupima huku akitusema tumekonda au tumenenepa, maana kwa Shangazi hakukuwa na mtoto wa katikati. Baba mdogo, ambaye mkewe alifariki mapema bila kupata mtoto, alipanga chumba karibu na Bunge, lakini chakula cha Jumapili alikula kwa dada yake.

Ikafika mwaka Baba akaamua nyumba ya Babu iuzwe. Nisimsemee vibaya. Tulikuwa wanane kwenye vyumba viwili, kaka zangu walilala sebuleni, na alfajiri ilibidi tuwaruke ndipo tufike kwenye maji. Baba alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kujenga maduka. Yeye angejenga nyumba kubwa pembeni ya mji, ya kututosha sote, "na dada atapata chumba chake humo humo, kwani atakosa nini?" Ila nyumba ilikuwa ya wote watatu, asingeweza kuiuza peke yake. Shangazi alipoambiwa aliendelea kukanyaga cherehani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona mshono umekwenda upande. Mshono wa Shangazi kwenda upande lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kuliona, na roho iliniuma.

Baba akasema sisi si watu wa kugombana. Tutakutana Jumapili kwa Shangazi, tutajadili, tutapiga kura, kila mtu na kura yake. "Hata watoto," akaongeza, "maana wao ndio watakaokaa." Ukimsikia unadhani ni mpenda haki, kumbe alikuwa ameshapiga hesabu. Shangazi alikuwa mmoja, sisi tulikuwa jeshi.

Nilidhani Baba mdogo atawaka. Hakuwaka. Aliitazama dari kwa muda, akasema, "Sawa, kaka. Ila kama ni kura, iwe kwa kanuni." Baba akacheka akakubali, kwa sababu alimwona mdogo wake ni mtu wa kufungua na kufunga, basi.

Jumapili tukakusanyika sebuleni kwa Shangazi. Baba mdogo alikuja amevaa koti la kazi na glavu, na kengele ya baiskeli mfukoni. Akachukua fimbo ya Babu ya kupimia mbao iliyokuwa nyuma ya kabati, akaifuta vumbi, akailaza mezani. "Hii ndiyo siwa," akatangaza. "Ikiwa mezani, Baraza limekaa. Ikiondolewa, ni soga tu."

Baba akavuta kiti cha mbele. "Haya, mimi nitakuwa Spika."

"Hapana, kaka. Wewe ndiye mleta hoja. Mleta hoja hawezi kuwa mwamuzi wa hoja yake. Spika awe shemeji."

Mama, aliyekuwa anamenya chungwa, akashtuka. "Mimi? Sasa nitafanya nini mimi?"

"Utawanyamazisha watu, shemeji, na hutapiga kura."

"Kunyamazisha nimezoea," akasema Mama, akafuta mikono, akahamia kiti cha mbele.

Muswada ulisomwa mara ya kwanza, yaani Baba mdogo alitaja jina lake tu: Muswada wa Kuuza Nyumba ya Marehemu Babu. Baba akafungua mdomo kuanza kueleza. Baba mdogo akamnong'oneza Mama sikioni, na Mama akasema, "Mheshimiwa, keti. Kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala." Baba akaketi. Sisi tukang'atana mabega tusicheke, maana tangu tuzaliwe hatukuwahi kusikia mtu akimwambia Baba akae naye akakaa. Mama mwenyewe alionekana kuuonja ule uspika na kuuona mtamu.

Mara ya pili ndipo pakawa na mjadala. Baba alisema yake, kaka zangu wakaunga mkono, mmoja akalalamika habari za kurukwa alfajiri, mwingine akadai yeye ndiye aliyekanyagwa. Kisha Baba mdogo akataka muswada uende kwenye kamati, kwa sababu hakuna Bunge linalopitisha jambo bila kamati kulichambua. Sisi wasichana tukawa Kamati ya Vyumba, tukapelekwa uani kuchunguza ramani ya nyumba mpya ya Baba tuone Shangazi atakaa wapi. Tulirudi na taarifa kwamba chumba cha Shangazi kipo, ila kina sisi wanne ndani yake, na cherehani ikiingia mlango hautafunguka. Baba akasema kamati imevuka mipaka. Mama akasema taarifa imepokelewa.

Mara ya tatu, kura. "Wanaokubali waseme ndiyo." Baba alikuwa ametutazama mmoja mmoja, na sote tulisema ndiyo kwa sauti ya kubomoa dari. Hata kitinda mimba wetu, ambaye hakuwa amejua kusema maneno matatu, aliinua biskuti. "Wasiokubali waseme siyo." Shangazi alisema "Siyo" kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Ilikuwa aibu kuisikia ile sauti moja baada ya zile zetu.

Baba akasimama, anajinyoosha. "Basi, imepita."

"Imepita Chini," akasema Baba mdogo. "Sasa inakwenda Juu."

"Juu wapi?"

"Baraza la Juu, kaka. Sheria haipiti baraza moja. Hawa wamehesabiwa vichwa. Kule juu tunahesabu milango. Mkoa ni mlango mmoja, uwe na watu wengi, uwe na mtu mmoja. Kila nyumba ya mtoto wa Babu ni mlango mmoja."

"Hii ni familia, bwana, si nchi."

"Wewe ndiye uliyetaka kura."

Baba akamgeukia Mama apate msaada, na Mama akamwambia azungumze kupitia Spika. Baba akameza mate. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Haya. Mlango wangu, mlango wa dada, mlango wako. Mitatu."

"Miwili," akasema Baba mdogo. "Mimi niko kazini. Watumishi wa Bunge hatupigi kura, tungekuwa tunapiga nchi ingeharibika siku nyingi."

"Basi mimi ndiyo, yeye siyo. Itakuwaje?"

"Kura zikilingana, hoja imeanguka."

Baba alimtazama mdogo wake muda mrefu, na mimi nikaogopa, kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yanacheza. "Kumbe ulikaa ukapanga," akasema. Baba mdogo aliendelea kuitazama dari, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva kwa furaha. Miaka yote ile aliwafungulia wengine wakatunge sheria, na leo yeye ndiye aliyezitumia, kwa ajili ya dada yake. Nilimpenda sana dakika ile, pamoja na glavu zake.

Baba hakukata tamaa. Alisema kama ni kujadili, basi tujadili, huenda akambadilisha dada yake kwa maneno. Baba mdogo akatuondoa sisi kwenye viti, akatupanga ukutani tuwe wageni wa Baraza, na mgeni wa Baraza haongei, hapigi makofi, hakohoi ovyo. Viti viwili vikawekwa nusu duara, kadiri viti viwili vinavyoweza kuwa nusu duara. Kila mmoja akapewa glasi ya maji.

Nao kweli walizungumza kwa sauti ya chini. Baba aliacha habari za vyumba. Alisema, "Dada'angu, unazeeka peke yako humu. Mvua ikinyesha mimi sipati usingizi, nawaza lile paa la upande wa nyuma. Ukianguka bafuni nani atajua?" Yalikuwa maneno ya kweli, na yeye mwenyewe macho yalimlenga machozi. Shangazi akanywa maji, akaiweka glasi chini polepole. "Kaka, nakushukuru," akasema. "Lakini mimi sijui kuwa mgeni. Kwako nitakuwa mgeni mpaka nife, hata mkinipenda namna gani." Baba akabaki anakuna goti.

Hapo ndipo mteja akaja. Ni binti aliyekuwa anaolewa jioni ile ile, gauni lake limeisha ila upindo, na gari linamsubiri barabarani. Shangazi akamwomba Spika ruhusa, "Wifi, natoka kidogo tu, huyu mtoto ataolewa na nguo inaburuta," na Mama akamruhusu. Tukasikia kiti cha varandani kikisogezwa, na yule binti akiambiwa asimame wima asijitingishe.

Tukasubiri. Kitinda mimba akaanza kulia njaa, kaka zangu wakaanza kusinzia kama wajumbe halisi wa Baraza la Juu. Mama akachoka. Sidhani alifikiri vizuri, alitaka tu mambo yaishe akapakue chakula. Akagonga meza kwa kisu cha chungwa. "Haya, tupige kura."

Baba mdogo aliposikia neno kura, alibadilika. Sijui niwaelezeje. Mgongo ulinyooka, akatoa kengele ya baiskeli, akaanza kuipiga huku anatembea kwenye korido ya Shangazi kwenda na kurudi, mwendo wake wa kazini, macho kwenye saa ya ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nilimwona Shangazi amepiga magoti mbele ya gauni, pini zimejaa mdomoni, hawezi kusema neno. Aliinua mkono mmoja kuelekea ndani, kama mtu anayesema ngojeni. Nilitaka kusema, Mama akanikata jicho, maana mgeni wa Baraza haongei.

Kengele ikanyamaza. Baba mdogo akafika kwenye mlango wa kutokea varandani, akaufunga, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni, akasimama ameupa mlango mgongo, mikono nyuma. Vyote hivyo vilifanyika kwa mara moja, bila haraka na bila kusita, kama alivyovifanya maisha yake yote. Mwili ndio uliofanya. Kichwa kilikuwa bado hakijafika.

Mlango ule ulikuwa haufungwi mchana. Sikuwahi kuusikia ufunguo wake kabla ya siku ile.

"Wanaokubali," akasema Mama.

Baba akainua mkono. "Ndiyo."

"Wasiokubali."

Tukakitazama kile kiti kingine na glasi yake ya maji. Baba naye akakitazama, na naona ndipo alipoelewa kwamba ameshinda. Hakukuwa na kura ya kulingana na yake. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Kitasa kikachezwa kutoka nje, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Kikaachwa. Halafu, baada ya muda, tukasikia kugongwa, na sauti ya Shangazi, pini zikiwa zimeshamtoka mdomoni.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Ni nani angejibu? Tangu nipate akili, katika nyumba ile aliyesema karibu alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye aliyekuwa nje. Tulitazamana sote, watu wazima na watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba neno lile ni lake kulisema.

"Hodi, jamani," akasema tena Shangazi, safari hii kwa upole zaidi, kama watu wanavyobisha kwenye nyumba wasiyoijua.

Baba mdogo uso wote ulikuwa umelowa jasho. Kichwa kilikuwa kimefika sasa. Alimfungia nje dada yake mwenyewe, kwenye kura ya nyumba yake mwenyewe, na kila kitu alichokijenga tangu asubuhi kilikuwa kinakwenda na maji kwa mkono wake. "Kaka," akasema mwishowe, "kura imeshaanza. Kanuni..." Hakumaliza.

Baba alikuwa anautazama mlango. Aliutazama kama fundi, akianza na fremu ambayo Babu aliichonga, akashuka mpaka chini ambapo mbao zimelika kwa kufagiwa. Mkono wake ukashuka wenyewe, akauweka juu ya goti. Nilimwona baba yangu akilia mara mbili maishani, na hiyo ilikuwa mojawapo, ingawa angebisha.

"Fungua," akasema. "Mwenye nyumba yuko nje."

Baba mdogo akautoa ufunguo mfukoni. Glavu ilikuwa inateleza, akalikosa tundu la ufunguo mara kadhaa, mpaka Baba akainuka, akasimama kando yake, akaushika mkono wake, wakauzungusha ufunguo pamoja.